Kwenda Ras Kigomasha: safari ya Pemba inayopangwa kwa mwezi na maji

Ncha ya kaskazini-magharibi ya kisiwa cha Pemba ndiyo Ras Kigomasha. Mashariki yake kuna ufukwe wa Vumawimbi, magharibi kuna Verani na Panga ya Watoro, na katikati kuna Makangale na watu wake wa kuvua na kulima. Hakuna safu ya maduka ya vinyago wala disko la ufukweni. Kuna mchanga, mwamba, msitu na mnara wa taa, na kila kimoja kina saa yake ya kuendewa.

Hilo la saa ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Wageni wengi hupanga safari hii kwa kalenda ya likizo peke yake. Wanashuka melini Mkoani, wanakimbizana na daladala, wanafika rasini alasiri na kukuta maji yamekwea mpaka kwenye ukuta wa mwamba, hakuna pa kukanyaga. Wanapiga picha, wanarudi Wete, wanasema ni pazuri lakini hapana la kufanya. Siku hiyo hiyo, saa nne asubuhi, wangeweza kutembea chini ya mwamba ule ule kuelekea kwenye mnara.

Hatua ya 1: Tazama mwezi kabla ya kukata tiketi

Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu ndipo huja bamvua: maji hupwa mbali sana na hujaa juu sana, tofauti ya zaidi ya mita 3 kati ya kupwa na kujaa. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu. Bahari hupanda na kushuka kidogo tu, na mwamba wa chini haufunuki vizuri.

Katika pwani yetu bamvua ina tabia ambayo ukiijua huhitaji kubahatisha. Siku hizo maji hupwa kabisa asubuhi, baina ya saa nne na saa sita, na hujaa kabisa kuanzia saa kumi alasiri kwenda jioni. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Kwa hiyo baada ya wiki moja mambo yamegeuka: maji yanajaa asubuhi na kupwa alasiri, tena kwa unyonge.

Anayefuata tarehe za mwezi wa Kiislamu hesabu anayo tayari. Lenga tarehe 1 hadi 3, au 15 hadi 17. Asubuhi utapata mwamba mkavu wa kutembea, alasiri utapata maji mengi ya kuogelea. Tarehe 7 au 8, na 22 au 23, usizichague kwa ajili ya matembezi ya rasi. Zinafaa zaidi kwa msitu na kwa kupumzika. Kama una jedwali la maji la Zanzibar au la Tanga, litumie kuhakikisha. Ukishafika, muulize mvuvi yeyote, “Leo maji yanapwa saa ngapi?” Jibu lake ndilo la kufuata.

Hatua ya 2: Chagua msimu

Upepo wa kaskazi huvuma kuanzia kama Desemba hadi Machi: joto kali, jua jingi, na Vumawimbi, iliyo wazi upande wa mashariki, hupata mawimbi. Kusi huja baada ya masika na kukaa mpaka karibu na Septemba. Hewa ni ya baridi kidogo, lakini bahari ya mlango wa Pemba na Unguja huchafuka. Wakati huo upande wa magharibi, Verani na Panga ya Watoro, ndio wenye utulivu. Maleleji, pale upepo mmoja unapoondoka na mwingine haujashika, ni wakati mzuri kuliko wote, hasa kuanzia mwisho wa Septemba mpaka kabla ya vuli kukolea Novemba. Bahari hulala na maji huwa meupe mpaka unaona chini.

Masika, yaani mwisho wa Machi hadi Mei, acha. Pemba hupata mvua kubwa na njia za udongo huwa matope.

Ramadhani si marufuku kwa mgeni, lakini fikiri vizuri. Mchana hutapata mkahawa vijijini, na kula au kunywa maji mbele za watu ni kuwakosea heshima. Kama huna budi kwenda, lala mahali watakapokupikia ndani.

Hatua ya 3: Vuka mpaka Pemba

Njia ya watu wengi ni boti ya kutoka Unguja mpaka Mkoani, kusini mwa Pemba. Zipo pia safari za kutoka Tanga, si za kila siku, na ratiba hubadilika. Uliza katika ofisi ya tiketi yenyewe siku mbili tatu kabla. Ndege ndogo hutua uwanja wa Chake Chake kutoka Unguja, Dar es Salaam na Tanga. Kwa mwenye uwezo, ndege wakati wa kusi ni nafuu ya tumbo.

Kama ni boti, kata tiketi yenye jina lako, beba kitambulisho, na usikubali kupanda chombo unachokiona kimejaa kupita kiasi, hata kama watu wanakuhimiza. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikiwa imebeba watu wengi kuliko uwezo wake, na Pemba nzima ililia. Kwa sababu hiyo hiyo, jahazi la mizigo si chombo cha abiria, hata bei yake iwe ndogo namna gani.

Wageni kutoka nje ya Tanzania wakumbuke pia kwamba tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Zanzibar inataka bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar. Ishughulikie mtandaoni kabla hujaondoka. Na mifuko ya plastiki ya kubebea iache nyumbani, imepigwa marufuku.

Hatua ya 4: Usijaribu kufika rasini siku ile ile

Kutoka Mkoani mpaka Konde, mji mdogo wa mwisho kabla ya rasi, unapita karibu urefu wote wa kisiwa. Ukishuka melini mchana, lala Chake Chake au Wete. Utapata nyumba ya wageni ya bei ya kawaida, utapumzika, na utaondoka alfajiri.

Chake ndipo pa kutoa fedha. Beba taslimu za kutosha siku zote utakazokaa, tena noti ndogo ndogo. Makangale hakuna benki, na dereva wa bodaboda hana chenji ya elfu kumi saa moja asubuhi. Nunua pia dawa zako, mafuta ya kujikinga na jua, na chandarua ikiwa huna uhakika na utakapolala. Hospitali zipo Chake, Wete na Micheweni, na ile ya Abdalla Mzee iko Mkoani. Rasini kwenyewe usitegemee zaidi ya huduma ya kwanza.

Alfajiri panda daladala ya Konde, kutoka Chake au Wete. Wakati wa mavuno ya karafuu utaona majamvi yametandazwa kando ya barabara, na harufu itakufuata njia nzima. Konde pata chai, chapati na maharage, ujaze chupa za maji. Kutoka hapo kwenda Makangale magari ni machache. Wengi huchukua bodaboda au gari la kukodi. Patana bei ya kwenda na ya kurudi hapo hapo, na umwambie dereva saa ya kukufuata. Mwenye miguu yenye nguvu akodi baiskeli. Sijaona njia bora ya kupita msitu wa Ngezi.

Hatua ya 5: Simama Ngezi

Barabara ya kwenda rasini inakatiza ndani ya msitu wa Ngezi, hifadhi tangu 1959. Pemba nzima iliwahi kuwa na misitu ya namna hii kabla ya mikarafuu kuenea. Hiki ndicho kipande kikubwa kilichobaki, na kukipita kwa mwendo wa pikipiki bila kusimama ni hasara.

Penye ofisi ya hifadhi lipa kiingilio, chukua mtembezaji, ingia kwa miguu. Mwombe akuonyeshe mpapindi, mnazi-mwitu mwembamba wenye pete shinani unaoota Pemba peke yake. Mwombe pia akupeleke walipo popo wa Pemba, wale wakubwa wenye manyoya mekundu kama ya mbweha, wanaoning'inia mitini mchana kutwa. Miongo michache iliyopita walikaribia kutoweka kwa kuwindwa. Wenyeji ndio waliokubali kuacha kuwala na kulinda mapumziko yao. Usipige kelele chini ya mti wao, wala usirushe kitu ili waruke upate picha. Wapo na kima punju walioletwa kutoka Unguja miaka ya 1970, lakini ni wachache, usiende kwa ajili yao.

Ukikuta mahali pana vitambaa, chetezo au sahani, hapo watu wanapaheshimu. Pita bila kugusa na bila kupiga picha. Huhitaji kuamini wanachoamini ili kuwa na adabu.

Ratiba yangu kwa siku ya bamvua: pita Ngezi moja kwa moja asubuhi ili uwahi maji rasini, na urudi kutembea msituni siku ya pili. Wenye kupenda ndege waombe matembezi ya usiku. Pemba ina bundi wake mdogo asiyepatikana kisiwa kingine.

Hatua ya 6: Jitambulishe

Ukifika kijijini, kabla ya begi kutua, salimia. “Asalaam aleikum” inafungua milango yote, na kwa mzee wa kike au wa kiume ongeza shikamoo. Usianze na swali la njia wala la bei. Salamu ya Pemba ni ndefu: hali, nyumbani, safari, ndipo shida yako. Mwenye haraka huonekana ana jambo.

Ikiwa utalala kwa mtu badala ya hotelini, mwenyeji wako akupeleke kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo. Ni utaratibu wa Zanzibar, na ni kinga yako pia: sheha akikujua, kijiji kizima kimekujua, na ukichelewa kurudi kutoka mwambani kuna watakaouliza uko wapi.

Mavazi ni jambo dogo lenye uzito mkubwa. Kijijini mabega na magoti yafunikwe, wanaume vilevile. Nguo za kuogelea ni za majini na za mchanga ulio mbali na diko, pale wavuvi wanapoegesha vyombo. Ukitoka kwenye maji jifunge kanga au kikoi. Picha za watu ziombwe. Wanawake walio kwenye mwani au wanaotafuta pweza wako kazini, na wengi hawapendi kupigwa picha wakiwa wamelowa. Mkikaa mkazungumza, huenda mwenyewe akakuita umpige akiwa na fungu lake la mwani.

Hatua ya 7: Matembezi ya rasi

Sasa tumefika penyewe. Vaa viatu vya raba vyenye soli nene na vinavyofunga. Ndala zitakatika na mwamba wa matumbawe ya kale ni wembe. Chukua maji lita 2 kwa kila mtu, kofia, simu ndani ya kitu kisichopitisha maji, na kitu cha kutafuna. Mwambie mtu unapokwenda na saa ya kurudi. Kama ni mara yako ya kwanza, nenda na kijana wa kijijini na umlipe vizuri. Yeye anajua ni wapi mwamba unakutana na bahari bila njia.

Anza saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa. Kama leo yanapwa saa tano, wewe saa tatu uwe umeshakanyaga mchanga wa Panga ya Watoro. Geukia kaskazini, bahari iwe kushoto kwako na mwamba kulia. Mwanzo ni mchanga laini, kisha huja mchanganyiko wa mchanga na mawe, halafu mwamba mtupu. Tazama ulivyoliwa na maji chini: umechimbwa kwa ndani na juu umetokeza kama paa. Mstari wa giza ukutani unaonyesha maji hufika wapi yakijaa. Uko juu ya kichwa chako. Uangalie vizuri, maana ndio utakaokukumbusha kurudi kwa wakati.

Maji yakishapwa, madimbwi hubaki katikati ya mawe na ndani yake kuna dunia nzima: samaki wadogo, kaa, viti vya pweza (yaani nyota za baharini), na viumbe vya miiba myeusi ambavyo hupaswi kuvikanyaga. Usitie mkono ndani ya tundu. Ukiinua jiwe, lirudishe lilivyokuwa, kwani upande wa chini ndiko wanakoishi, na likibaki limepinduka wanakauka na jua. Usichukue makombe yenye mnyama ndani, na yale makubwa yasiyo na mnyama yaache pia; kaa huyatafuta kwa nyumba. Mashamba ya mwani utayajua kwa vigingi na kamba zilizonyooshwa. Zunguka pembeni. Kamba moja iliyokatika ni kazi ya siku nzima ya mama fulani, na sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar hutoka Pemba, mikononi mwa kina mama.

Maji yakishasimama na kuanza kurudi, una muda, lakini hesabu hii iweke kichwani. Saa ya kwanza ya kujaa bahari huja polepole mpaka unadhani haisogei. Ya pili huongeza mwendo. Ya tatu na ya nne ndizo hatari: katika saa hizo mbili peke yake bahari hupanda karibu nusu ya kimo chake chote. Wanaokwama ni wale walioitazama saa ya kwanza wakasema bado. Uwe umeshaondoka chini ya mwamba kabla saa ya pili kuisha. Ukichelewa, usijitose kuogelea kupita kona. Tafuta pa kupandia, kaa juu, subiri.

Mnara wa taa uko nchani. Ni wa chuma, uliojengwa na Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Mtafute anayeutunza, muombe ruhusa na umpe ahsante yake. Ukiruhusiwa kupanda, ngazi ni nyembamba, panda mmoja mmoja na mikono yote iwe huru. Juu utaona pande zote mbili za rasi kwa pamoja, kijani cha Ngezi nyuma yako, na mbele mlango wa Pemba, bahari ya buluu iliyokolea. Kina chake hupita mita 800, na ndiyo sababu rangi inabadilika ghafla pale matumbawe yanapokomea. Jioni ya hewa safi milima ya Usambara huonekana ng'ambo.

Kurudi usifuate mwamba tena. Shika njia ya juu, inayopita katikati ya mihogo na minazi. Wenyeji watakuelekeza, na ni njia ya watu, si ya kuvamia shamba la mtu. Ukikata kuelekea mashariki utatokea Vumawimbi.

Hatua ya 8: Vumawimbi, maji yakijaa

Ufike mchana, ukae kivulini, usubiri. Maji yakipwa Vumawimbi utatembea mbali sana kabla ya kupata kina. Alasiri ya bamvua bahari inakuja yenyewe mpaka karibu na miti. Hapo ndipo pa kuoga.

Hakuna waokoaji. Watoto wasiingie bila mtu mzima ndani ya maji pamoja nao. Ogelea sambamba na ufukwe, usielekee nje, na wakati wa kaskazi, mawimbi yakiwa makubwa, ishia kifuani. Ukihisi mkondo unakuvuta, usishindane nao; ogelea kwa ubavu mpaka uachie, ndipo urudi. Hakuna duka la maji wala la soda, na takataka zako zote zirudi nawe Konde.

Hatua ya 9: Kula na kulala

Rasini kuna hoteli chache za gharama, na nyumba kadhaa za wageni za bei ya kati karibu na Makangale na Verani. Piga simu kabla. Kama bajeti ni ndogo, lala Wete na uje kwa siku. Utakosa asubuhi ya mapema, lakini matembezi utayawahi ukitoka alfajiri.

Chakula kiagizwe mapema. Ukimwambia mama wa nyumba asubuhi kwamba utakula saa nane, utapata wali wa nazi na samaki aliyetoka majini siku hiyo, au pweza wa nazi. Ukitokea na njaa bila taarifa utapata biskuti, na si kosa lake.

Hatua ya 10: Kuondoka

Daladala za Konde hupungua alasiri, kwa hiyo rudi mjini kabla ya saa tisa, au uwe umepatana na dereva wako. Wete pitia ununue halua. Karafuu usinunue kwa mtu njiani, hata akikushushia bei: karafuu kavu ya Zanzibar hununuliwa kwa wakulima na shirika la serikali, ZSTC, na kuisafirisha kinyume cha utaratibu ni magendo. Pakiti ndogo ya dukani yenye risiti inatosha. Boti nyingi za Mkoani huondoka asubuhi, hivyo usiku wa mwisho ulale Chake au Mkoani penyewe, na uwe bandarini saa moja kabla ya muda ulioandikwa kwenye tiketi.